Mashine ya boti haitoi moto (cheche) kwenye plagi? Anza na nyaya, CDI baadaye

Yamaha kuukuu ya stroki mbili ikikataa kuwaka, wengi hukimbilia kununua CDI, kile kisanduku kinachotuma umeme wa kuwasha plagi. Hasara tupu. Mara nyingi ubovu uko kwenye waya ulioliwa na chumvi au swichi ya kuzimia.

Sogeza tangi la petroli mbali, fungua kifuniko cha mashine, mvuke utoke. Chomoa plagi zote, ziba matundu kwa kitambaa, rudisha kila plagi kwenye kofia yake na uigusishe kwenye bloku, ukiishika kwa koleo la mpini wa mpira. Usiiache ikining'inia: umeme ukikosa njia unaweza kuua koili au CDI. Vuta kamba. Moto wa buluu unaolia "ta!" hauna shida.

Hakuna kitu? Hakikisha kwanza kibanio cha kamba ya usalama kimekaa kwenye swichi (mafundi wazima wameshaaibika hapa). Kisha chomoa waya mweupe wa swichi. Kwenye Yamaha, mweupe ndio wa kuzimia. Ukigusana na mweusi, yaani ethi, moto hukatika. Moto ukirudi baada ya kuuchomoa, CDI ni nzima: swichi imeingia maji au waya umechubuka. Rekebisha kabla ya kushuka majini, maana kwa hali hiyo kitufe hakizimi mashine.

Mashine ya stata (ya kuwashwa kwa ufunguo) ikisema "tik" tu, pima betri: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu. Betri ikiwa nzuri, weka ncha moja ya mita ya volti kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bloku, mwenzako ashikilie ufunguo kwenye kuwasha. Ikizidi volti 0.5, ethi ni mbovu. Fungua boliti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Waya usiuamini kwa macho. Chumvi hupanda ndani ya ganda, nje ukaonekana mpya. Kata sentimita mbili mbili mpaka uone shaba nyekundu. Ukikuta weusi au unga wa kijani mpaka mwisho, badilisha wote. Bana kiungo kwa koleo la kubania, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi. Tepu hufuga maji, na kuunga kwa risasi ya kulehemu peke yake hukatika kwa mtetemo.

Fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya. Na betri usiichomoe mashine ikiunguruma. Rektifaya, inayonyoosha umeme wa kuchaji betri, inaweza kufa hapo hapo.