Somo: Namna ya kudai sare hali ya ubao inapojirudia mara tatu

Kila baada ya mashindano ya sataranji ya wazee hapa Kampala naulizwa swali hilihili, kwa hiyo naliandikia jibu mara moja.

1. Andika kila mwendo kwenye karatasi yako.

2. Hakikisha hali ni ileile: kete zilezile kwenye miraba ileile, na zamu ya mchezaji yuleyule. Si lazima hali hizo zifuatane.

3. Dai kabla ya kucheza. Hapa ndipo nilipoumia Jinja, nikiwa na ngome tupu dhidi ya ngome na kitunda: nilisogeza ngome, nikabonyeza saa, kisha kwa kujiamini nikamwita mwamuzi, naye akanieleza kwa upole kwamba zamu haikuwa yangu tena. Mpinzani alibadili njia, nami nikashindwa. Ikiwa mwendo wako ndio utakaoleta hali hiyo mara ya tatu, uandike bila kuucheza, simamisha saa, umwambie mwamuzi. Ikiwa imeletwa na mwendo wa mpinzani, usiguse kete yoyote, kwa sababu ukigusa umepoteza haki ya kudai katika zamu hiyo.

4. Subiri uamuzi. Dai halifutwi.

MASWALI

— Tulirudia miendo mitatu, mbona nilinyimwa sare?
Soma namba 2. Kinachohesabiwa ni hali, si miendo.

— Kwani mwamuzi haoni mwenyewe?
Hakudaii. Huingilia mwenyewe hali ikijirudia mara tano.

— Shikamoo Mzee. Nikidai kimakosa, nitaadhibiwa?
Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo la maana. Mpinzani huongezewa dakika 2 na mchezo huendelea, na ule mwendo ulioandika ni lazima uucheze. Angalia pia mfalme: kama mwanzoni alikuwa bado na haki ya kujihifadhi kwa ngome (mfalme na ngome kusogea pamoja kwa mwendo mmoja) na sasa ameipoteza, hali si ileile, hata kama macho yanaona ubao uleule.

— Nina miaka 49, nitafika 50 mwezi wa Novemba. Naruhusiwa kucheza mashindano ya wazee?
Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ndiyo, mradi utimize 50 kabla ya mwaka kwisha. Kundi la pili huanzia 65, nami nimo humo.

— Mzee mwenzangu, mwandiko wangu sisomi hata mwenyewe.
Andika kwa herufi kubwa wakati wa mpinzani, si wakati wako, na ubebe kalamu mbili. Mimi hubeba pia miwani ya akiba.