Namna ya Kujichagulia Piza Mbele ya Kaunta: Mwongozo wa Mhudumu

Huu ni mwaka wangu wa nne nikifanya kazi nyuma ya kaunta ya mkahawa wa piza mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ni mkahawa wa aina ile ambayo mteja hupita mbele ya kioo, akamwelekeza mhudumu aweke nini juu ya piza yake, kisha akaipokea ikiwa imeiva dakika chache baadaye. Biashara hii ilishika kasi nchini humu baada ya MOD Pizza kufunguliwa Seattle mwaka 2008, wakafuata Pieology mwaka 2011 na Blaze Pizza mwaka 2012, na utaratibu wao unafanana kiasi kwamba aliyezoea mkahawa mmoja hapati taabu katika mwingine. Miongoni mwa ninaowahudumia wamo Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaoishi mji huu, na mara nyingi nimeona mtu akifika kwa haya, akataja vitu harakaharaka ili asiwakwaze walio nyuma yake, halafu akaondoka na chakula ambacho hakukifurahia. Naandika kwa ajili yake.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba katika mikahawa mingi ya aina hii bei hupangwa kwa ukubwa wa piza, na idadi ya vitu unavyoweka juu haiibadilishi. Uhuru huo ndio unaowavuta watu, na ndio uleule unaoharibu piza nyingi, kwa sababu muda wa tanuri hauongezeki. Blaze hutangaza kwamba piza yao huiva kwa sekunde 180, na tanuri letu halipishani sana na hapo. Kwa hiyo kila unachochagua kipime kwa swali moja: je, kitaiva ndani ya dakika tatu?

Hatua ya kwanza: chagua saa na usome ubao

Ukiweza, epuka saa sita hadi saa saba na nusu mchana, na saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu jioni. Nje ya saa hizo mhudumu ana nafasi ya kukueleza kila kilichomo ndani ya vyombo. Menyu huwa imebandikwa ukutani, na kwenye mikahawa yenye matawi 20 au zaidi utaona pia idadi ya kalori, kwani sheria ya Marekani imeitaka hivyo tangu Mei 2018. Ubaoni huwa na piza zilizokwisha kupangwa na mkahawa wenyewe, na kwa anayekuja mara ya kwanza hakuna ubaya wowote kuagiza mojawapo na kubadilisha kitu kimoja au viwili.

Kama Kiingereza bado hakijakukaa vizuri, onyesha kwa kidole. Kioo kimewekwa ili vyakula vilindwe na pia ili mteja aone, na kwa mhudumu kidole kinachoonyesha chombo sahihi kina faida kuliko neno lililosikika nusu.

Hatua ya pili: sema mapema usichokula

Hatua hii nitaikalia kwa muda, maana ndiyo inayowahusu wasomaji wangu wengi, na ndiyo inayochelewa kutajwa kuliko zote. Pepperoni, ile nyama nyekundu ya duara inayopendwa kupita zote hapa Marekani, kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nyama ya nguruwe na ya ng'ombe. Soseji ya Kitaliano, bekoni, nyama ya paja iitwayo hamu (ham) na aina nyingi za salami nazo ni za nguruwe. Vyombo hivi hukaa bega kwa bega na vya mboga na kuku, na mhudumu huchota kwa mkono uliovaa glavu, kwa hiyo kipande cha pepperoni kinaweza kuangukia kwenye uyoga bila mtu kukusudia.

Kama huli nguruwe, mwambie mhudumu kabla hajagusa kinyunya chako, yaani unga uliokandwa na kutandazwa ambao ndio chini ya piza. Mwombe mambo matatu: avae glavu mpya, achote kutoka kwenye chombo kipya kilichohifadhiwa ndani ya jokofu badala ya kile kilicho wazi, na piza yako ikatwe kwa kisu kilichooshwa. Hilo la kisu ndilo husahaulika. Gurudumu la kukatia hupita juu ya piza ya pepperoni, likabaki na mafuta mekundu ukingoni, kisha likapita juu ya piza inayofuata. Maombi haya ni ya kawaida, na mhudumu aliyefundwa vizuri hawezi kuyachukia.

Kuna mipaka ambayo ni haki yako kuijua. Kuku na nyama ya ng'ombe havihesabiwi kuwa vimechinjwa kwa taratibu za Kiislamu ila pale mkahawa unaposema hivyo waziwazi. Jibini nayo hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho huweza kutoka kwenye tumbo la ndama au kwa vijidudu vilivyokuzwa maabara, nalo ni jambo la kumwuliza meneja aangalie kwenye boksi. Vilevile tanuri ni moja kwa wote. Wapo wateja wangu ambao kwao glavu na kisu vinatosha, na wapo ambao kwao havitoshi. Wote nawaheshimu, ila napenda kila mmoja aamue akiwa amejua.

Mwenye mzio wa ngano naye aseme mapema. Kinyunya kisicho na gluteni, yaani protini iliyomo ndani ya ngano, kipo karibu kila mahali, lakini unga wa ngano hutanda hewani jikoni kwetu kutwa nzima, na kwa mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, siwezi kusema kwamba mahali hapo ni salama.

Hatua ya tatu: ukubwa na kinyunya

Piza ya kawaida huwa na upana wa inchi 11, yaani sentimita 28, na hutosha mtu mzima mmoja mwenye njaa au watu wawili wakiongeza saladi. Ndogo ya inchi 6 hudhaniwa kuwa ni nusu yake. Ukipiga hesabu ya eneo utakuta ni chini ya theluthi moja, kwa hiyo mfae nayo mtoto mdogo, na usiwanunulie watu wazima wawili ndogo mbili ukidhani umenunua nzima.

Kuhusu kinyunya, chukua chembamba cha kawaida. Kimelala na hamira, mara nyingi usiku kucha, kikapata ladha yake, na ndicho ambacho muda wa tanuri umepangiwa.

Hatua ya nne: sosi na jibini

Sosi nyekundu ya nyanya hupatana na karibu kila kitu. Nyeupe, yenye krimu na kitunguu saumu, hupendeza kwa kuku, uyoga na spinachi. Iwe ipi, omba ipakwe nyembamba kiasi cha kuona kinyunya kwa mbali chini yake, na iachwe nafasi ya upana wa kidole ukingoni.

Kwa jibini, mozzarella iliyokunwa ndiyo msingi, kwa kuwa ina maji machache na huyeyuka sawasawa. Mozzarella mbichi, ile nyeupe laini inayokatwa vipande, ina utamu wake wa maziwa, lakini hutoa maji mengi. Vipande vinne au vitano vinatosha. Usiombe jibini mara mbili. Hutengeneza blanketi zito linalozuia mvuke usitoke, na kilicho chini yake huchemka badala ya kuokwa.

Hatua ya tano: vitu vya juu, na hapa ndipo kazi ilipo

Jumamosi moja alikuja mzee mmoja wa Kigoma pamoja na wajukuu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi vyote ni bei ileile?"

"Ni bei ileile, mzee."

"Basi weka vyote."

Niliweka vitu kumi na vinne, kwa kuwa ndivyo alivyotaka na sikutaka kuonekana nambania. Piza ilipotoka, juu palikuwa pamekauka na ukingo umeiva vizuri, lakini nilipokata kipande cha kwanza ncha yake ililala chini kama kitambaa kilicholowa, maji ya uyoga na nyanya yakatiririka hadi kwenye ubao, na kinyunya cha katikati kilikuwa bado cheupe. Nikamwomba radhi, nikamtengenezea nyingine ya kuku, kitunguu chekundu, pilipili hoho na zeituni. Akala bila kusema neno, kisha akaniita na kuuliza safari hii nimeweka vitu vingapi. Vilikuwa vinne.

Sababu yake ni maji. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa uyoga, nyanya na spinachi ni maji, na nanasi haliko mbali na hapo. Ndani ya dakika tatu maji hayo huanza kutoka lakini hayapati muda wa kukauka, kwa hiyo hubaki juu ya kinyunya. Tangu siku ile kanuni ninayowapa wateja ni vitu vitatu hadi vitano, na kimoja tu kiwe cha maji mengi. Ukitaka uyoga, acha nyanya mbichi. Ukitaka nyanya, acha nanasi.

Mpangilio nao una maana, ingawa wateja wachache hujua kwamba wanaruhusiwa kuuomba. Spinachi na kitunguu saumu viwekwe chini ya jibini, kwani vikiwa juu huungua kabla kinyunya hakijaiva. Pepperoni, kwa wanaoila, na nyama nyingine zenye mafuta zikae juu kabisa ili kingo zake zikauke. Kitunguu kinyambuliwe, kisikae fungu moja. Vitu vizito visirundikwe katikati, kwa maana katikati ndipo panapochelewa kuiva. Mwombe mhudumu avisambaze kuelekea ukingoni.

Kama hujui uanzie wapi, nakupendekezea mbili. Ya kwanza ni ile ya mzee wa Kigoma, kwa sosi nyekundu. Ya pili ni nanasi kidogo, pilipili kali iitwayo halapenyo, kitunguu chekundu na kuku. Piza ya nanasi ilianzishwa na Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki, katika mkahawa wake mjini Chatham, Kanada, mwaka 1962, na mpaka leo watu hubishana kuhusu uhalali wake. Kwa mtu aliyekua pwani akila embe bichi kwa chumvi na pilipili, utamu, ukali na uchachu kukutana mdomoni si jambo la kubishania, na wateja wangu wa Mombasa na Tanga huiagiza mara kwa mara. Nao waliowahi kusimama Forodhani jioni, mpishi akiwauliza waweke nini ndani ya piza ya Zanzibar kabla ya kuikunja na kuikaanga kwenye tava, huzoea kaunta yetu upesi kuliko wengine, ingawa vyakula vyenyewe ni tofauti kabisa.

Hatua ya sita: tanuri na vitu vya mwisho

Baada ya kulipia, simama mahali unapoweza kuliona tanuri. Dakika ya kwanza ukingo huinuka. Ya pili jibini huanza kutoa vipovu. Ya tatu vipovu hivyo hupata rangi ya kahawia na ukingo hutokeza madoa meusi madogo. Madoa hayo ni alama ya kuiva kwa moto mkali, na wengi huyadhania kuwa ni kuungua. Ukipenda piza iliyokauka zaidi, omba iongezwe nusu dakika kabla haijatolewa, kwani ikishakatwa haifai kurudishwa.

Majani ya mrihani, arugula (majani ya saladi yenye ukali kidogo), pesto (sosi ya kijani ya mrihani na mafuta) na siki nzito ya balsamiki viwekwe baada ya tanuri. Mrihani ulioingia motoni hutoka mweusi na harufu yake imekwenda. Pesto iliyopakwa kwa matone matano au sita baada ya kuiva husikika zaidi kuliko ile iliyotandazwa chini ya jibini. Hivi navyo kwa kawaida havina malipo ya ziada, lakini mhudumu mwenye haraka huweza kusahau kukuuliza, basi vitaje mwenyewe.

Kuhusu malipo

Bei iliyobandikwa kwa kawaida haina kodi ya mauzo, hivyo jumla itakuwa juu kidogo ya uliyoiona. Skrini itakuletea viwango vya bakshishi. Kwenye mikahawa ya kuhudumiwa mezani hapa Marekani watu hutoa asilimia 15 hadi 20. Kwenye kaunta kama yetu ni hiari, na mteja anayebonyeza sifuri simtazami vibaya. Ila kama umeomba glavu mpya na kisu kilichooshwa wakati foleni imefika mlangoni, dola moja au mbili ni shukrani inayoonekana.

Kula, na kilichobaki

Ngoja dakika mbili kabla ya kuanza, jibini ishikane na sosi ipoe, maana nyanya ya moto huunguza kaakaa vibaya. Ukibeba nyumbani, acha mfuniko wa boksi wazi kidogo njiani, la sivyo mvuke utalainisha kinyunya. Kesho yake usiipashe kwenye maikrowevu. Weka kipande kwenye kikaangio kikavu, moto mdogo, kwa dakika tatu. Kisha dondosha matone machache ya maji pembeni mwa kikaangio, mbali na piza, ufunike kwa dakika moja. Chini kutakuwa kukavu tena, na juu jibini itakuwa imeyeyuka.