Dropshipingi kwa anayeanza: fanya haya kabla hujafungua duka

Watu wengi wanaanza hii biashara kwa kufungua duka la mtandaoni, wanahangaika na jina, rangi, nembo, wiki mbili zinaisha, afu wakishamaliza ndo wanaanza kutafuta cha kuuza. Wameanzia mkiani. Duka lenyewe unaweza kulifungua ndani ya siku moja, Shopify, huduma ya kufungulia duka mtandaoni, ipo toka 2006 na wameshalainisha kila kitu, na kama una websaiti ya WordPress basi WooCommerce, programu ya kuigeuza iwe duka, unaiweka bure kabisa. Kazi iko kwingine na ndo nataka tuiongelee hapa taratibu, maana inaniuma kweli kuona mtu anachoma hela alizozichanga kwa shida kisa kuna vitu viwili vitatu hakuna aliyemwambia.

Kwa ambaye ndo anasikia leo, dropshipingi ni hivi: unauza kitu ambacho huna stoo. Mteja anakulipa wewe, wewe unachukua sehemu ya ile hela unamlipa sapulaya, yaani mwenye mzigo, sapulaya anafunga mzigo anautuma moja kwa moja kwa mteja, kinachobaki katikati ndo chako. Sio utapeli na sio kitu cha jana. Zappos, duka la viatu la mtandaoni, ilianza 1999 kwa staili hiyohiyo, mwanzilishi wake Nick Swinmurn alikuwa anapiga picha viatu kwenye maduka ya watu anaviweka mtandaoni, mtu akiagiza ndo anaenda kununua kile kiatu na kumtumia. Wayfair nayo ilianza 2002 kwa jina la CSN Stores na imekua kwa kuuza samani ambazo nyingi zinatoka kwa watengenezaji zinaenda nyumbani kwa mnunuzi.

Sasa shika hili moja kabla hatujaendelea, stoo sio yako ila mteja ni wako. Yeye hamjui sapulaya, hajawahi hata kumsikia, anakujua wewe uliyechukua hela yake. Mzigo ukichelewa, ukifika umevunjika, ukifika wa rangi nyingine, aliyekosea ni wewe. Yote ninayoandika hapa chini yanatokana na hilo.

Tuanze na cha kuuza. Usikimbilie kile ambacho leo kimejaa kwenye kila video, ukikiona hivo ujue waliotangulia wameshavuna na matangazo yake yameshapanda bei. Anza na watu. Chagua kundi la watu unaowaelewa, wazazi wenye watoto wachanga, wafuga paka, wanaoshona, wanaofanyia kazi nyumbani, wavuvi, afu nenda kasome wanacholalamikia. Mimi nikiingia kwenye masoko ya mtandaoni kama AliExpress au Amazon sisomi maoni ya nyota tano, nasoma ya nyota tatu, maana yule wa nyota tatu hana hasira na wala hajalewa furaha, atakwambia tu "nzuri ila kamba yake fupi", "inabana vizuri ila baada ya mwezi imelegea". Hapo ushapewa kazi mkononi, kitu watu wanakitaka na kasoro yake ushaijua, tafuta sapulaya mwenye yenye kamba ndefu na tangazo lako liseme kamba ni ndefu.

Vya kukwepa mwanzoni: nguo na viatu (saizi zitakurudishia mizigo mpaka uchoke), vyombo vya vioo na chochote kinachovunjika kirahisi, vyenye betri za lithiamu maana kwenye ndege vina masharti yake, vya kula na vya kupaka mwilini. Na chochote chenye nembo ya kampuni kubwa kwa bei ya ajabu, hicho ni feki, utafungiwa duka na kesi juu.

Hesabu sasa, na hapa naomba utulie. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye hii biashara huisha haraka zaidi maana hela inapita mikononi mwako kila siku unaona kama unazo. Tuseme kitu unakiuza 100, kwa sarafu yoyote unayotumia. Sapulaya anachukua 35. Usafiri 12. Kampuni ya malipo inakata karibu 3, na kama hela inabadilishwa kutoka sarafu moja kwenda nyingine wanakata tena. Tangazo, yaani hela iliyokutoka mpaka ukampata huyo mnunuzi mmoja, 30. Mizigo itakayopotea au kurudi, tenga 5. Jumla 85, unabaki na 15, na hapo hujagusa ada ya duka ya mwezi wala kodi. Matangazo yakipanda kidogo tu kutoka 30 kwenda 45 umefanya kazi bure. Kwa hiyo anayekwambia weka bei mara mbili ya uliyonunulia usimsikilize, hapo tumeuza karibu mara tatu na bado kilichobaki ni kidogo.

Kuna kitu kingine kwenye usafiri kinawaponza wengi. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege hayaangalii kilo peke yake, yanaangalia na nafasi ambayo boksi linakula. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linatoka 4.8, yaani hata kama ndani kuna mto wa kulalia wenye kilo moja utalipia kilo 4.8. Bidhaa nyepesi iliyojaa hewa inaweza kukumaliza, ndo maana muulize sapulaya vipimo vya boksi lililofungwa kabisa, sio vya bidhaa.

Sampo, yaani bidhaa moja ya kujaribu. Naandika hili kwa herufi za kawaida ila lichukulie kama nimelipigia kelele: agiza mwenyewe, lipa mwenyewe, ifike kwako, ndo uuze. Mimi mwanzo nilikuwa nauza stendi za laptop bila hata kuwahi kuigusa moja, picha za sapulaya zilikuwa nzuri nikaona inatosha. Siku moja mteja akanitumia picha, ndani ya boksi lake sapulaya alikuwa ameweka risiti na bei yote inaonekana, mteja anauliza kwa nini nimemuuzia mara tatu ya bei hiyo. Nilirudisha hela yake yote na stendi nikamwachia, na sikulala vizuri siku kadhaa, sio kwa ajili ya hela, ni vile alivyoandika kwa uchungu kama mtu aliyeibiwa. Baada ya hapo nikaagiza tatu kwa masapulaya watatu tofauti. Ya kwanza nikaiweka mezani nikabonyeza kona ya kulia kwa kidole kimoja, ikacheza, mguu mmoja ulikuwa mfupi kama unene wa kadi ya benki hivi. Kwenye picha hukioni hicho kitu hata siku moja. Ya pili raba zake za chini zilikuwa zimebanduka zimelala kwenye kona ya boksi. Ya tatu ilitulia, laptop juu yake ukiandika haitikisiki, ndo niliyoiuza.

Sampo ikiwa njiani andika tarehe: siku uliyolipa, siku alipotuma, siku ilipofika. Hizo ndo siku utakazomwambia mteja, sio zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa sapulaya. Ikifika ipige picha na video mwenyewe, kwa simu tu, karibu na dirisha mchana, mikono yako ionekane ikiitumia. Picha za sapulaya wanazo watu mia wengine wanaouza kitu hichohicho, zako unazo peke yako.

Ukimwandikia sapulaya muulize vitu vifuatavyo na majibu yake uyahifadhi: anachukua siku ngapi kufunga mzigo kabla ya kutuma, anaweza kutuma bila risiti wala karatasi yenye jina lake, kikifika kibovu nani analipa, mzigo ukirudishwa unaenda wapi, na anafunga kazi kwa likizo lini. Hilo la mwisho wengi hawaulizi. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20 na viwanda vingi vinafunga, vingine wiki mbili vingine zaidi, sasa wewe unaendelea kupokea oda huku kule hakuna mtu kazini. Angalia pia anavyokujibu. Anayejibu kwa mkato leo ukiwa unataka kumpa hela, siku una tatizo hatajibu kabisa.

Ushuru nao umebadilika sana miaka hii kwa hiyo video za zamani zitakudanganya. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi kwa mizigo ya chini ya euro 22 kuanzia Julai 1, 2021, Marekani nayo ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800, kwanza kwa inayotoka China mwezi Mei 2025 afu kwa nchi zote Agosti 29 mwaka huohuo. Maana yake kwa mteja ni kwamba kuna mtu lazima alipe, na kama hukuuliza mapema atakayeshtukizwa mlangoni ni yeye. Muulize sapulaya kama bei ya usafiri ina ushuru ndani, kama haina iweke kwenye bei yako au mwambie mteja kabla hajalipa. Na mambo ya kusajili biashara na kulipa kodi nenda mamlaka za nchi yako, usiulize kwenye komenti.

Haya, duka. Weka bidhaa moja mpaka tano, sio mia. Ukurasa wa siku za kufika uwe wazi, kama ni siku 12 mpaka 18 andika hivo hivo, mtu akisoma akakubali atasubiri kwa amani, ukimwandikia 5 ikafika 14 hata kama kitu ni kizuri atakuwa ameshakasirika. Ukiuza Marekani bila kutaja siku, sheria yao inakutaka utume ndani ya siku 30, na ukiuza kwa watu wa Umoja wa Ulaya kwa kawaida wana siku 14 za kubadili mawazo na kurudisha bila kutoa sababu, kwa hiyo anwani ya kurudishia uwe nayo kabla ya oda ya kwanza. Ukitaka kuuzia kwenye eBay au Amazon soma sheria zao kwanza, eBay hawaruhusu ununue kwenye duka lingine la rejareja ndo litume kwa mteja wako, na Amazon wanataka mzigo uonyeshe wewe ndo muuzaji, sio mtu mwingine.

Upande wa malipo, kumbuka sapulaya anataka hela leo ila ya mteja inaweza kukufikia baada ya siku kadhaa. Tenga hela ya kuzungusha, angalau ya oda za wiki mbili, bila hivo siku ukipata oda nyingi ndo siku utakayokwama, inasikitisha ila inatokea. Na malalamiko yakizidi kampuni ya malipo inaweza kushikilia salio lako, PayPal kwa mfano masharti yao yanawaruhusu mpaka siku 180. Kwa hiyo mteja akilalamika mrudishie hela mapema kabla hajaenda benki yake kudai, ni nafuu kwako.

Matangazo anza na hela ambayo hata ikipotea yote utakula na kulala. Video moja au mbili za ile sampo yako, watu wa aina moja, afu soma namba. Wameingia 200 hakuna hata mmoja aliyeweka kwenye kapu, tatizo ni kitu chenyewe, bei au picha. Wameweka kwenye kapu 15 na hakuna aliyelipa, nenda kaangalie gharama ya usafiri inayotokea dakika ya mwisho, au njia ya malipo haifanyi kazi kwenye simu. Jaribu mwenyewe kununua kwenye duka lako kwa simu ya mtu mwingine, hapo ndo utajua.

Oda ya kwanza ikiingia, siku hiyohiyo mwandikie mteja kwamba umeipokea, ukipata namba ya kufuatilia mzigo mtumie, ikipita wiki haijasogea usisubiri akuulize, muulize sapulaya afu mwambie mteja ulichojibiwa hata kama sio kizuri. Fanya hivo kwa mkono kwa oda 20 za mwanzo, usiiachie programu, maana hapo ndo utasikia wanauliza nini na utarekebisha ukurasa wako. Na kitu kimoja kikianza kutoka kila siku bila kurudi, agiza 50 zikae karibu na wanunuzi wako, kwa mtu mwenye stoo unayemlipa kwa mwezi, siku za kusubiri zitashuka kutoka 15 mpaka 3 na zile 5 ulizotenga za mizigo iliyopotea nyingi zitabaki mfukoni.