Mtoto wako kakamatwa na polisi hapa Tanga? Anza na umri, mengine yatafuata

Naandika hii manake mwezi huu peke yake nimeulizwa na watu watatu, wote wa hapa hapa Tanga, mmoja Makorora, mmoja Mabawa na dada mmoja wa Mikanjuni alonipigia saa tano usiku analia, mwanawe wa miaka 14 kabebwa na mgambo. Mi sio wakili jamani. Mi ni mjomba tu ambaye mwaka juzi mpwa wangu alidakwa na wenzie wawili wakubwa, walivunja banda la fundi baiskeli huku Ngamiani wakabeba rimu, mataili na pampu ya mguu, na yeye ndo alokutwa na pampu mkononi. Alikuwa na miaka 15. Kwenye karatasi ya kituoni ikaandikwa 18.

Ilikuwaje? Dogo ni mrefu, ana kidevu kishaanza kuota, na wale wakubwa walimnong'oneza njiani "sema 18 tusitenganishwe", naye kwa woga kasema. Afande hakuuliza mara mbili. Basi akalala selo moja na watu wazima, na kila kitu kilichofuata wiki ile kilianzia kwenye hiyo namba.

Kabla ya hatua zenyewe ngoja niimalize ngoma ya kijiweni, manake ndo inayowaponza wazazi. Pale kwenye kahawa kesi ya mtoto ikitajwa tu kuna mzee atasema mwizi ni mwizi, sheria ni msumeno, na mwingine ataleta samaki mkunje angali mbichi, na wote wawili wanachotaka ni mtoto afungwe sawasawa na mtu mzima. Nikawauliza siku moja, huyo samaki mbichi ukimtupa kwenye tenga moja na papa unamkunja au unamlisha papa? Wakacheka, hawakujibu, wakaagiza kashata.

Sheria yetu yenyewe haisemi mtoto hana kosa, hapo watu wanachanganya. Inasema hivi: chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba wakati anafanya alikuwa na akili ya kujua hapaswi kufanya vile. Kuanzia 12 anajibu, lakini mpaka atimize 18 bado ni mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi mtoto hahukumiwi kifungo, hata kama kosa lenyewe mkubwa angefungwa. Na wale wa kusema "huko kwa wenzetu mtoto hachekewi", hata Marekani mahakama yao ya juu mwaka 2005 ilipiga marufuku kumwua kwa hukumu mtu aliyetenda kosa akiwa chini ya 18, na sisi mkataba wa haki za mtoto wa 1989 wenye katazo hilo hilo tuliuridhia tangu 1991.

Mi mwenyewe nakubaliana na sheria, tena si kwa huruma. Mpwa wangu alikosa, pampu ile ndo ugali wa yule fundi. Nilichotaka ni ajibu yeye, kwa alichofanya yeye, kwa kichwa cha miaka 15, sio abebeshwe mzigo wa majamaa wa miaka 24 kisa ana miguu mirefu.

Haya, tuingie kazini.

Ukisikia tu kashikwa, nenda. Usingoje asubuhi, usianze kuzungukia ndugu kuuliza nani anamjua nani. Na kama bado yuko mikononi mwa wananchi wenye hasira kali hapo ndo kuna hatari kuliko kesi yenyewe, mpigie mwenyekiti wa mtaa, piga polisi, hakikisha anakabidhiwa kituoni akiwa mzima. Usijaribu kumpora ukimbie naye kwenye boda, utawasha moto mtaa mzima na wewe mwenyewe utageuka mshtakiwa.

Ukifika kituoni, adabu. Najua una hasira, najua umevaa kanga juu juu na ndala za bafuni, lakini ukiingia na kelele unamsaidia nani? Maneno yangu ya sasa hivi ninayowafundisha watu ni haya: "Shikamoo afande, mimi ni mjomba wa fulani, huyu ni mtoto, ana miaka 15, uthibitisho huu hapa, naomba umri uandikwe hivyo kabla hajaandika maelezo." Kisha uliza mambo matatu, anatuhumiwa kosa gani hasa, mpelelezi wa kesi ni nani, na ndani yuko na nani. Hilo la tatu wengi hawaliulizi. Sheria inakataza mtoto aliye chini ya ulinzi kuchanganywa na wakubwa, kwa hiyo sio fadhila unayoomba. Uliza pia kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto, na omba afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe.

Maelezo ndo pa kukaa macho. Omba yachukuliwe wewe ukiwepo, na mwambie mtoto, tena umwambie mbele ya afande kwa sauti ya kawaida, asiweke sahihi wala dole gumba kwenye kitu ambacho hajasomewa akaelewa. Usimfundishe uongo. Wale wanaosema "kana kila kitu mwanangu" ndo wanaoharibu, maana mtoto akisema leo hivi kesho vile, ukweli wake wote unakuwa mashaka.

Sasa uthibitisho wa umri, hapa nitakaa kidogo. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikiwepo umemaliza nusu ya safari. Sisi hatukuwa nacho. Dada yangu alipindua sanduku lote usiku ule, vitenge chini, picha za harusi chini, mwisho kabisa ikatoka kadi ya kliniki imekunjwa ndani ya daftari la vikoba, pembeni imeliwa na mende ila tarehe ya kuzaliwa inasomeka na muhuri upo. Ile karatasi chakavu ndo ilomtoa dogo kwa wakubwa. Kesho yake nikaenda shule alikoandikishwa darasa la kwanza, mwalimu mkuu akafungua rejista kubwa lile la jalada jeusi, akaandika barua na kugonga muhuri, haikuchukua nusu saa. Mama yake naye akala kiapo kwa wakili. Vitu vitatu vyote vinasema mwaka mmoja, hakuna wa kubisha. Na kama bado wanabisha, mahakama ikiona mtu aliyeletwa mbele yake anaonekana mtoto inatakiwa ichunguze umri wake, hata kwa daktari, kwa hiyo usikubali kuambiwa "tushaandika, hatubadilishi". Kwetu umri ulibadilishwa mahakamani, hakimu kasoma kadi, kamwangalia dogo, kamwangalia tena, akasema hati ya mashtaka irekebishwe. Wale wakubwa kesi yao ikaenda njia yake.

Dhamana. Kama mtoto hawezi kufikishwa mahakamani mara moja, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana, yake mwenyewe au ya mzazi, isipokuwa kama ni mauaji, au kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka saba, au kumtoa kutamrudisha kwenye kundi baya au kutaharibu haki kutendeka. Kuvunja na kuiba, adhabu yake kwa mtu mzima inazidi hiyo saba, ndo maana sisi hatukupewa siku ile, na nilitaka kugombana bure kwa kutojua. Kuiba kuku kwa jirani ni habari nyingine. Na dhamana ni bure, bango limebandikwa ukutani, we soma kwa sauti kama umeombwa ya maji au ya vocha.

Kama hapati dhamana, asipelekwe gereza la wakubwa. Tanga tuna bahati moja, mahabusu ya watoto ipo hapa hapa, ni mikoa michache nchi hii yenye hiyo kitu. Mzazi wa mkoa usio nayo mwanawe anapelekwa mbali, kumuona tu ni nauli. Kwa hiyo kamtembelee, usimsuse eti "akome". Dogo wetu aliniambia baadaye kuwa siku ambazo hajaja mtu ndo alikuwa anawaza upuuzi.

Mahakamani sasa. Kesi ya mtoto inasikilizwa na mahakama ya watoto, anakaa hakimu mkazi, na haifanywi kadamnasi, kwa hiyo majirani waliokuja na umbea wao watabaki nje juani. Mzazi au mlezi anatakiwa awepo, afisa ustawi awepo, mtoto ana haki ya wakili na ana haki ya kusema la kwake. Huna hela ya wakili? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia watoa msaada waliosajiliwa, muulize huyo huyo afisa ustawi, au piga 116 namba ya simu ya mtoto, haikatwi salio. Mauaji tu ndo hayasikilizwi hapo, yanaenda Mahakama Kuu, na hata huko aliye chini ya 18 hanyongwi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni uzito wa taarifa ya ustawi wa jamii. Afisa anakuja nyumbani, anaenda shule, anaongea na mwenyekiti, halafu anamwandikia hakimu mtoto huyu ni nani na anaishije. Kwetu alikuja mama mmoja mtulivu, kakaa mkekani, kakataa soda, kauliza swali moja ambalo dada yangu alishindwa kulijibu: huyu kijana usiku anarudi saa ngapi? Dada akanitazama. Alikuwa kashapanga kusema saa moja baada ya magharibi. Nikamwambia, sema ukweli dada. Akasema hajui, kwa sababu yeye anaamka saa tisa za usiku kuchoma maandazi na saa mbili keshalala, na baba yake dogo kaenda dago, kambi ya wavuvi, Pemba huu mwaka wa pili na hela haitumi. Yule mama akaandika yote. Mi nikadhani tumejimaliza, kumbe ndo ilotuokoa, manake hakimu aliona tatizo liko wapi akaweka sharti linaloendana nalo.

Sharti lenyewe: aachiwe, asifanye kosa lingine kwa muda aliopangiwa, awe chini ya uangalizi wa ustawi, arudi shule, usiku alale kwangu. Na fidia kwa fundi. Hapa wajomba na mashangazi msikilize vizuri, sheria inampa hakimu uwezo wa kumwamuru mzazi au mlezi alipe, kwa hiyo msije mkakaa mkao wa "ni wewe uloiba". Mi nilitoa nusu, dada nusu ya maandazi. Njia nyingine zipo, ya mwisho kabisa ni shule ya maadilisho kule Irambo, Mbeya, na ukitoka Tanga kwenda Mbeya unajua mwenyewe ni nchi nzima hiyo, kwa hiyo ukiona kesi inaelekea huko jitahidi uonyeshe mahakama kuna ndugu wa kweli wa kumsimamia, na atajwe kwa jina, aje asimame, sio "tutaona kifamilia".

La mwisho la kufanya hata kama mwanao ni malaika. Leo hii piga picha cheti chake, weka kwenye simu yako na ya ndugu mmoja. Hana cheti, nenda RITA, usisubiri mpaka aombwe shule. Halafu mwambie mdomo kwa mdomo kwamba akiulizwa umri na mtu yeyote mwenye sare anataja wa kweli, hata marafiki wamwambie nini.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha pili, kachelewa mwaka. Kila asubuhi tunapita pale kwa fundi manake ndo njia ya shule. Mi nasalimia, fundi anaitikia. Dogo anasalimia, "shikamoo baba", fundi anaendelea kujaza upepo. Mara ya kwanza dogo aliniuliza asalimie mpaka lini. Nikamwambia we salimia tu, ile ni pampu mpya.