Kampuni ya nje inapowania zabuni ya Serikali: kazi ya mshirika aliye Dodoma

Mwongozo huu ni wa mkandarasi, wakili au mshauri wa Dodoma aliyepata mshirika wa nje. Kampuni nyingi za nje huondolewa kwa kasoro za nyaraka kabla bei yao haijaangaliwa, na nyaraka hizo ndizo unazoweza kuziokoa wewe.

1. Jua nani analipa. Fungua tangazo kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, na uanze na chanzo cha fedha. Ikiwa ni fedha za ndani, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inawapendelea Watanzania, na baadhi ya zabuni ni zao peke yao. Ikitengwa kwa wazawa, achana nayo. Kumkodisha mgeni jina lako ni udanganyifu. Mkopo wa nje huja na masharti ya mkopeshaji: barabara ya mzunguko ya Dodoma, kilomita 112.3, ilipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na kampuni za China zikapewa kazi.

2. Andikeni ubia mapema. Nani kiongozi, nani anafanya nini, nani anasaini. Hati ya uwakilishi imtaje kwa jina yule yule atakayesaini zabuni.

3. Dhamana ya zabuni. Ni ahadi ya benki kuilipa taasisi nunuzi (inayotangaza zabuni) mkijitoa. Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme zabuni inadumu siku 120 na nyaraka zinataka dhamana izidi kwa siku 28: dhamana iishie siku ya 148, ikihesabiwa tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha, si tangu benki iitoe. Ikipungua hata siku moja, zabuni inaweza kukataliwa. Kwenye ubia, angalia pia majina yaliyoandikwa; benki za nje hupenda kuandika la mteja wao tu. Omba rasimu na uilinganishe na fomu ya taasisi nunuzi neno kwa neno, kabla benki haijapiga muhuri.

4. Bei na kodi. Malipo ya huduma kwa asiye mkaazi hukatwa kodi ya zuio 15%: ankara ya Sh milioni 200 inaacha milioni 170. Mgeni asipoliweka hilo kwenye bei, ataanza kulipunja eneo la kazi, na mafundi ndio watakaokosa mishahara.

5. Pakia siku mbili kabla. Saa ya mfumo ni ya Tanzania. Saa 4:00 asubuhi Dodoma ni saa 9:00 alasiri Guangzhou.

Mkishindwa isivyo haki, andikeni kwanza kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi nunuzi, ndani ya muda uliotajwa kwenye notisi ya kusudio la kutoa zabuni, kisha PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni za umma.