Dodoma ikuingie: panda daladala hadi mwisho, rudi kwa mguu

Kwa mwaka wa kwanza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): chuo kiko vilimani, nje kidogo ya mji, kwa hiyo ni rahisi sana kumaliza muhula unajua hosteli na kituo cha daladala tu. Jumamosi moja, saa moja asubuhi, chagua ruti usiyoijua inayotokea katikati ya mji, kaa dirishani, nenda hadi gari linapogeuzia. Shuka, kisha rudi kwa mguu vituo vitatu au vinne kwa barabara ileile. Beba maji lita moja na nusu, noti ndogondogo za nauli, na viatu vilivyofunikwa, maana mchanga wa huku una miiba.

Kwenye gari unaona majina ya vituo tu. Kwa mguu ndipo unagundua fundi viatu yuko wapi, mama lishe gani ana mlenda wa kweli, na nani anauza zabibu bei ya shambani (Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba). Nunua kitu kidogo, salimia, uliza njia hata kama unaijua. Wiki ijayo pita tena palepale. Ukishaitwa kwa jina sokoni, mji umeanza kuwa wako.

Mbinu hii inakwama Oktoba na Novemba ukianza saa nne: jua ni kali na kivuli hakuna. Msimu wa mvua usikatize makorongo. Yanaonekana makavu, lakini mvua ikinyesha juu maji hushuka ghafla.