Namna ya kupata mlio mkubwa kutoka kwenye kisahani cha piezo

Mtu anayejitengenezea king'ora cha pikipiki au cha banda la kuku kwa kawaida hununua kisahani cha piezo, yaani bamba jembamba lenye kauri inayotetemeka na kutoa sauti ikipewa umeme, hukiunganisha kwenye transista moja, kisha husikia mlio mwembamba usiofika hata kwa jirani. Akibadilisha transista na kuweka yenye nguvu zaidi, mlio hubaki vilevile, kwa kuwa piezo haifanyi kazi kama spika ya koili na haina haja ya mkondo mkubwa. Inachohitaji ni volti zinazobadilika upande kwa upande, masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayolingana na mtetemo wake wa asili, na chemba ya hewa ya kuupokea mtetemo huo. Jambo hili la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine.

Kwanza hakikisha kwamba umenunua kisahani kitupu, si baza iliyokwisha kuwekewa sakiti ndani. Gusisha nyaya zake kwenye betri ya volti 9: kisahani kitupu hutoa mlio mmoja mfupi wa "tik" na kunyamaza, ilhali baza yenye sakiti hulia mfululizo. Maelezo yanayofuata ni ya kisahani kitupu chenye kipenyo cha milimita 27, ambacho mara nyingi mtetemo wake wa asili huwa karibu na kilohezi 4, na ambacho kwa kawaida hakipaswi kupewa zaidi ya volti 30 kutoka kilele hadi kilele, yaani tofauti kati ya volti ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Kisahani hicho ni bamba la shaba ya njano lililobandikwa kauri inayojikunja inapopewa umeme. Kwa upande wa sakiti, kinafanana na kapasita ya takriban nanofaradi 20. Transista moja hukijaza haraka, lakini ikizima hakuna njia ya kukitoa umeme huo, kwa hiyo kauri hubaki imejikunja na mtetemo hufifia. Rezista ya kilo-omu 1 ikiunganishwa sambamba na kisahani hurekebisha kasoro hiyo, ila bado kisahani kinapata volti 0 hadi 12 tu, yaani kinakunjwa upande mmoja na kuachwa kirudi chenyewe.

Njia bora ni kukiendesha kwa pande zote mbili: upande wa kwanza unapopanda hadi volti 12, wa pili ushuke hadi 0, kisha zibadilishane. Kwa betri ileile ya volti 12, kisahani hupata volti 24 kutoka kilele hadi kilele, na ongezeko hilo ni kama desibeli 6. Chipu ya CD40106, yenye vigeuzi sita ndani yake (kila kimoja hugeuza volti ya juu kuwa ya chini, na ya chini kuwa ya juu), inatosha kwa kazi yote. Kigeuzi cha kwanza, mguu wa 1 na wa 2, ndicho kitakachozalisha mlio: weka kapasita ya nanofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na hasi, kisha kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka rezista ya kilo-omu 10 ikifuatana na rezista ya kurekebisha, yenye skrubu ya kuzungusha, ya kilo-omu 50. Masafa yatakuwa takriban kati ya kilohezi 2 na 12. Mguu wa 2 upeleke kwenye miguu ya 3, 5 na 9. Matokeo ya mguu wa 6 na wa 8 yaunganishe pamoja yaendeshe upande mmoja wa kisahani. Mguu wa 4 upeleke kwenye 11 na 13, na matokeo ya 10 na 12 yaunganishwe pamoja yaendeshe upande wa pili. Mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi, na kapasita ya nanofaradi 100 ikae karibu nayo. Kila upande wa kisahani upitie rezista ya omu 100, kwa kuwa kisahani kikigongwa huzalisha volti zake chenyewe zinazoweza kuiharibu chipu. Kumbuka pia kwamba betri ya pikipiki inayochajiwa hufika volti 14.4, hapo kisahani kinapata karibu volti 29, na nafasi ya kuongeza zaidi haipo.

Unapolehemu waya kwenye kauri, tumia ncha yenye joto la kutosha na uondoe haraka, maana joto likikaa hubandua tabaka la fedha lililoko juu yake.

Sasa chemba. Kisahani kikining'inia hewani, sauti ya mbele na ya nyuma hufutana. Tafuta bomba lililozibwa upande mmoja au kifuniko cha plastiki chenye mdomo wa kipenyo cha milimita 18 na kina cha milimita 4, ukigundishe kwa silikoni upande wa shaba, katikati kabisa. Kipimo cha 18 kina sababu: kisahani kinapotetemeka, duara lililo karibu theluthi mbili ya kipenyo chake halisogei, kwa hiyo gundi ikikaa hapo haiuzuii mtetemo. Toboa tundu la milimita 4 kwenye kitako cha chemba, ulipanue kidogo kidogo kuelekea milimita 7 huku ukisikiliza. Kadiri tundu linavyopanuka, ndivyo masafa ya chemba yanavyopanda kuyakaribia ya kisahani, na yakikutana mlio huruka ghafla.

Rekebisha rezista baada ya silikoni kukauka, ukiwa umeziba masikio na umesimama mbali na tundu, kwa kuwa mlio huu unaweza kudhuru masikio. Mlio mkubwa kabisa hupatikana katika eneo dogo sana la mzunguko, hivyo zungusha polepole, na ukishapata mahali penyewe tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili mtikisiko wa pikipiki usiisogeze.